Dawa Saa Kumi na Mbili, Chakula Saa Sita

Palikuwa na mama lishe katika mji wa Tanga, mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Kisa chake nimekitunga kwa ajili ya funzo, na ndiyo maana hana jina. Lakini hakuna lililompata humu ambalo ni geni kwa wauguzi wa kliniki za kisukari. Umri wake miaka 54. Kisukari aliambiwa anacho miaka sita nyuma, kile cha aina ya pili, na tangu hapo akawa anameza vidonge vya namna mbili, metifomini na glibenklamidi. Kliniki ilimfundisha mambo mawili, akayashika barabara: dawa hairukwi hata siku moja, na dawa humezwa asubuhi pamoja na chakula. Kila siku saa kumi na mbili alikunywa chai na chapati moja au kipande cha muhogo, vidonge vikafuatia, na sukari yake ikatulia.

Mwaka huo binti yake akachumbiwa. Sare za harusi zikachaguliwa, naye alipopimwa na fundi akaona namba za kiuno chake zinamtia unyonge. Uzito wake ulikuwa kilo 91, na kliniki walishamsihi mara nyingi apungue. Basi nia yake ilikuwa njema kabisa. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili mwenye mwili mkubwa akipungua hata kilo chache, sukari na presha humshukia kwa urahisi zaidi, na pengine hata dawa zikapunguzwa.

Fundi cherehani aliyempima alikuwa jirani yake, mwanamke wa miaka 41 asiye na maradhi yoyote. Yeye alikuwa ameshaanza dayati ya kufunga kwa vipindi, na kwa wiki chache alizofunga magauni yake mwenyewe yalishaanza kumpwaya. Akamwingiza mama lishe kwenye kundi la WhatsApp. Masharti ya kundi yalikuwa mepesi kuyashika: kula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na saa 16 zinazobaki ni maji na chai ya rangi isiyo na sukari. Kila mgeni aliulizwa ana kilo ngapi na anataka kufika ngapi. Swali la maradhi halikuwepo.

Mama lishe mwenyewe ndiye aliyeuliza. "Na vidonge vyangu vya asubuhi je, mdogo wangu?"

"Vidonge si chakula, dada. Wewe meza tu kwa maji, havivunji mfungo."

Fundi alisema kwa moyo safi. Mwanamke wa watu akaenda nyumbani akiwa na amri mbili, moja ya kliniki na moja ya kundi, na zote mbili akazitii. Kliniki ilisema dawa isirukwe, hakuiruka. Kundi lilisema asile kabla ya saa sita, hakula. Dawa ikabaki saa kumi na mbili asubuhi, chakula kikahamia saa sita mchana. Hapo katikati pakabaki saa sita ambazo hakuna aliyezipangia kitu.

Tuzitazame saa hizo sita, kwa kuwa humo ndimo kisa kizima kilimo. Mtu akila, sukari huingia kwenye damu, na kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari hiyo iingie katika nyama na viungo. Asipokula, kongosho la mtu mzima hupunguza insulini, na ini hufungua akiba yake. Akiba hiyo si kubwa. Ini la mtu mzima hubeba kama gramu 100 za sukari, za kuvusha usiku na ziada kidogo. Baadaye mwili hugeukia mafuta. Ndivyo mtu mwenye afya anavyoweza kukaa na njaa hadi mchana akabaki na kichwa kizito tu.

Glibenklamidi huuvuruga mpango huo. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma hata kama tumboni hamna kitu. Ukiimeza pamoja na chai na chapati, insulini inakuta sukari ya kuihudumia. Ukiimeza kwa maji matupu kisha ukakaa saa sita, insulini inakuta sukari kidogo iliyobaki kwenye damu na kuiondoa nayo, huku ikilizuia ini lisitoe ya kutosha. Metifomini peke yake ni mara chache kuleta balaa hilo, kwa sababu haiamrishi kongosho. Mama huyu alikuwa na zote mbili, na hakujua kuwa hazifanani.

Siku za mwanzo hakuona kitu zaidi ya njaa. Kisha kila ifikapo saa nne asubuhi mikono ikaanza kumtetemeka, jasho jembamba likamtoka mgongoni, moyo ukamwenda mbio. Jasho akalisingizia jiko la mkaa. Kuhusu kutetemeka akauliza kundini, akajibiwa kuwa hiyo ni dalili njema: mwili unatoa sumu na kujisafisha, avumilie, wiki ya tatu atazoea. Wakamwekea alama za moyo na mikono ya pongezi.

Jibu hilo ndilo lililombeba hadi ukingoni. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio ndiyo lugha ambayo mwili hutumia kusema sukari imeshuka. Mgonjwa wa kisukari akihisi hivyo hupaswa kuacha kila alichoshika, ale au anywe kitu chenye sukari papo hapo, kisha apime. Kundi likakigeuza king'ora kuwa vigelegele. Na yeye, aliyekuwa na kopo la sukari na birika la chai ya maziwa mbele yake tangu alfajiri akiwauzia watu, akakaa bila kuonja hata kijiko.

Madai ya mwili kujisafisha yana chimbuko lake. Mwaka 2016 mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi chembe hai zinavyovunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa, na njaa ni mojawapo ya vinavyochochea kazi hiyo. Uchunguzi wake mkuu aliufanya kwenye hamira. Ni ugunduzi mkubwa, na ulistahili heshima yake. Lakini kutoka chembe ya hamira hadi mama wa miaka 54 anayemeza glibenklamidi ni safari ndefu, na tuzo ile haikutolewa kwa ratiba yoyote ya kula. Wala kutetemeka kwa mikono si ushahidi kwamba usafi huo unafanyika.

Katika wiki ya pili, siku ya Jumatano, konda mmoja alikunywa supu ya shilingi elfu mbili akatoa noti ya elfu kumi. Mama lishe akamrudishia elfu tisa, kisha akamwita tena ampe chenji nyingine. Konda alipomwambia ameshapewa, akafokewa mbele za watu. Wateja wakashangaa, maana mama huyo hakujulikana kwa ukali. Hakuna aliyejua kuwa ubongo, ambao kwa kawaida hutegemea sukari kama chakula chake kikuu, ulikuwa umeanza kukosa riziki. Mtu aliyeshukwa na sukari huweza kuonekana mlevi, mkorofi au aliyerukwa na akili, na wengi hufukuzwa au kuchekwa wakati walipohitaji kikombe cha chai.

Robo saa baadaye akakaa kwenye benchi, akainama, akaanguka.

Mmoja akasema kifafa. Mwingine akasema aitwe shehe amsomee. Kijana wa bodaboda akafungua soda akataka kummiminia mdomoni, na hapo abiria mmoja mwanamke akaudaka mkono wake. "Usimpe! Hajitambui huyu, itaingia kwenye mapafu." Akamlaza kiubavu, akamuuliza msichana wa kibandani, "Mama ana sukari?" Msichana akaitikia. Wakampakia kwenye bajaji.

Soda ile ile ingemwokoa nusu saa kabla, alipokuwa akitetemeka lakini anameza na kuongea. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ilijue hili: akiwa na fahamu zake, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida au ya juisi, subiri dakika 15, na kama hajapata nafuu mrudishie. Akipata nafuu ale chakula kamili. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kiubavu na mkimbize hospitali.

Hospitali walimchoma kidole, kipimo kikasoma 1.9. Chini ya 4 tayari ni hatari kwa anayetumia dawa za kisukari. Wakamtundikia dripu ya glukosi, na baada ya muda akafumbua macho, akamtambua binti yake. Akadhani ataruhusiwa jioni. Daktari akamlaza hadi kesho yake, kwa kuwa glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka kwa umri au maradhi, na mgonjwa aliyeamshwa kwa dripu anaweza kuanguka tena usiku akiwa kitandani kwake.

Asubuhi akaja muuguzi kijana wa kliniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mara ya mwisho ulikula saa ngapi kabla ya kuanguka?"

"Juzi usiku, saa mbili."

"Na dawa?"

"Dawa nilimeza asubuhi. Sijawahi kuruka, unanijua."

"Nakujua, mama. Hukuikosea dawa. Ila umehamisha chai, na sisi hukutuambia."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akatoa hoja yake. "Mbona Ramadhani nafunga kila mwaka wala sianguki?"

Swali hili ni zito na linastahili jibu kamili, kwa sababu wengi wetu wa pwani hujipa moyo kwa hoja hiyo hiyo. Muuguzi akamkumbusha kuwa kila Shabani yeye hufika kliniki, na wao humpangia upya: dozi ya asubuhi huhamia futari, hufundishwa kupima sukari mchana, na huambiwa wazi kuwa ikishuka chini ya 4 afungue hapo hapo. Kisha kuna daku. Mwezi wa Ramadhani mfungaji wa Tanga hukaa bila chakula saa 13 na ushei, naye ameamka alfajiri akala. Dayati ile ilimtaka saa 16, bila daku, kwa kazi ya kusimama jikoni tangu saa kumi za usiku. Kweli, dayati iliruhusu maji, lakini maji hayapandishi sukari.

Zaidi ya hayo, saumu ina sheria inayomlinda mgonjwa. Anayedhurika amepewa ruhusa ya kula, na jamii nzima inaijua ruhusa hiyo. Hata hivyo hatari bado ipo: uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa katika mwezi wa Ramadhani matukio ya sukari kushuka vibaya kwa wenye aina ya pili yaliongezeka kama mara saba na nusu kuliko miezi mingine. Ikiwa ibada yenye daku, ruhusa na uangalizi ina hatari kiasi hicho, vipi mfungo wa kundi la simu usio na hata kimoja?

Sasa turudi kwa fundi, maana naye ana sehemu yake katika funzo hili. Yeye hakuanguka. Mwili wake ulikuwa mzima, haumezi dawa yoyote, na saa 16 alizimudu. Lakini kadiri wiki zilivyopita, njaa ya mchana ikawa inalipiziwa usiku. Ifikapo saa moja na nusu alikuwa akikimbizana na saa, anakula wali wa nazi sahani iliyofurika, chipsi juu yake, na vitumbua vya kumalizia, kisha analala tumbo limejaa na kiungulia kinamchoma. Mchana kichwa kilimuuma, hasira zikawa karibu. Mizani ikagoma kushuka. Alipochoka akaacha, na ndani ya miezi michache kilo zikarejea.

Yaliyompata yanaonekana pia katika tafiti. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 12 kwa watu 116. Nusu walikula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, ratiba ile ile ya kundi la Tanga. Nusu walikula milo mitatu kama kawaida. Waliofunga walipungua wastani wa gramu 940, wasiofunga gramu 680. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya kufunga. Na katika kundi dogo lililopimwa miili kwa undani, karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza waliofunga haikuwa mafuta. Kwa sehemu kubwa ilikuwa nyama ya mwili, ambayo ndiyo nguvu ya kunyanyua sufuria na kupanda ngazi uzeeni.

Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, walikwenda mbali zaidi. Waliwachukua watu 139 wenye unene uliozidi, wote wakapunguziwa chakula kwa kiasi kimoja kwa mwaka mzima. Kundi moja lililazimika kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, jingine likala saa yoyote. Mwisho wa mwaka la kwanza lilipungua wastani wa kilo 8, la pili kilo 6.3, na hesabu zikaonyesha pengo hilo laweza kuwa bahati tu. Kilichowapunguza ni kiasi cha chakula. Na Chicago, katika jaribio la kufunga siku moja na kula siku moja lililochapishwa mwaka 2017, asilimia 38 ya wafungaji waliacha njiani, dhidi ya asilimia 29 ya waliopunguza chakula kidogo kidogo kila siku.

Sisemi kufunga ni sumu kwa kila mtu. Mtu mzima mwenye afya anayeona kuwa kuacha kula usiku wa manane kunamsaidia kula kidogo, anapata faida ya kweli. Wapo pia wagonjwa wa kisukari waliofunga na kupungua chini ya jicho la daktari, dawa zao zikiwa zimepangwa upya kwanza. Ninachosema ni kwamba mama lishe alihatarisha uhai wake kwa ajili ya saa, ilhali faida aliyoitafuta ingepatikana kwenye sahani bila kuigusa saa ya chai.

Na wapo ambao ratiba hizi si zao kabisa, au si zao bila daktari. Anayechoma insulini au kumeza dawa za jamii ya glibenklamidi. Mjamzito na anayenyonyesha. Mtoto na kijana ambaye bado anakua. Mzee aliyekonda. Anayemeza dawa za presha zinazokojoza, ambaye akipungukiwa maji huweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa za maumivu kama diklofenaki ambazo tumbo tupu huzipokea vibaya. Na yule aliyewahi kujinyima kula hadi kuugua, au anayekula kwa pupa kisha kujilaumu; huyu kanuni ya saa humrudisha kwenye shimo alilotoka, huku watu wakimsifu kwa nidhamu.

Mama lishe alirudi kibandani. Kliniki ilimbadilishia glibenklamidi kwa dawa isiyolisukuma kongosho namna ile, wakakaa naye wakazungumzia chakula anachokipika mwenyewe kila siku. Sahani yake ya wali ikawa nusu mchicha au kisamvu, robo samaki au maharage, robo wali. Chai akaizoea bila sukari, lakini pakiti ya sukari ikakaa mfukoni mwa aproni kwa ajili ya dharura. Jioni akawa anatembea, kufikia zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linampendekezea kila mtu mzima. Siku ya harusi alikuwa amepungua kilo tatu tu. Aliivaa sare, akamtoa binti yake akiwa na akili timamu na miguu yenye nguvu.

Kosa la mama huyu halikuwa ukaidi, ndiyo maana nimemchagua. Mkaidi huruka dawa. Yeye alikuwa mtiifu kwa watu wawili wasiojuana, na utiifu wake wenyewe ndio uliomwangusha. Kwa hiyo funzo halimhusu mzembe pekee. Linamhusu hasa yule anayefuata kila anachoambiwa bila kuwakutanisha wanaomwambia.

Ukitaka kuanza kufunga ili upungue, beba vidonge vyako vyote uende kwa aliyekuandikia, umuulize kwa kila kimoja: hiki kimepangwa na chakula cha saa ngapi, na nikikihamisha chakula hicho kitanifanya nini? Kuuliza si ujinga. Ukitetemeka na kutoka jasho katikati ya mfungo, kula kwanza, maelezo baadaye. Na wewe unayeongoza kundi la dayati, mwenye watu mia wanaokusikiliza kila asubuhi, kabla hujamuuliza mgeni ana kilo ngapi, muulize anameza dawa gani. Akikutajia hata moja, mwambie apite kliniki kwanza, kisha ndipo umkaribishe.